Ngumi ya Chuma: Anayeanza Gemu ya Tekken Aanzie Wapi?



 Mwaka huu tumeamua kuandika juu ya jambo ambalo wanafunzi wetu hulizungumza kwa sauti wakitoka darasani, kisha hulinyamazia pale mwalimu anapotokea mlangoni. Nalo ni gemu za kupigana, hasa ile inayoitwa Tekken.

Tunajua wako wazazi watakaoshangaa kuikuta mada hii katika jarida la madrasa. Tunawaomba wasome mpaka mwisho kabla ya kutuhukumu. Vijana wetu wanaingia katika vibanda vya gemu, tukipenda tusipende, na wengi wao wanatoka huko wamemaliza pesa zao na hata mchezo wenyewe hawajaujua. Wanabonyeza vitufe ovyo, wanafungwa, wanakasirika, wanalipa tena. Sisi tunaona kwamba kijana aliyefundishwa mchezo ukoje, na mipaka yake iko wapi, ni rahisi kumwambia basi. Yule ambaye hajui kwa nini amefungwa hawezi kuondoka kitini, maana kila mara anadhani mechi ijayo atashinda.

Tekken ni nini?

Tekken imetengenezwa na kampuni ya Namco ya Japani, ambayo sasa huitwa Bandai Namco. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1994 katika mashine za kuchezea kwa sarafu, na mwaka 1995 ikaingia katika PlayStation. Jina lenyewe ni la Kijapani, na maana yake ni ngumi ya chuma. Iliyoenea sana mitaani kwetu ni Tekken 3, ambayo ilitoka kwenye mashine za sarafu mwaka 1997 na kwenye PlayStation mwaka 1998. Kaka zenu na hata baba zenu wengine wanaikumbuka. Waulizeni kuhusu Eddy Gordo, yule Mbrazili anayepigana kwa kapoeira, watacheka wenyewe. Eddy alipendwa kwa sababu ukibonyeza mateke bila mpango wowote, yeye huzunguka na kupiga kama fundi. Vijana wengi walimshinda kila mtu wa mtaa wao kwa Eddy, mpaka siku waliyokutana na mtu aliyejua kukinga.

Baadaye ilikuja Tekken 7, mwaka 2015 kwenye mashine za Japani na 2017 kwenye mashine za nyumbani, na tarehe 26 Januari 2024 ikatoka Tekken 8. Hii ya 8 haichezeki kwenye PlayStation 4, inahitaji PlayStation 5, Xbox mpya au kompyuta yenye nguvu. Kwa hiyo mwenye PlayStation 4 asidanganywe na muuzaji, gemu yake ni Tekken 7, na inatosha kabisa kwa kujifunzia.

Hadithi iliyomo ndani hatuwezi kuisifia. Ni ya familia ya Mishima, ambamo baba, Heihachi, anamtupa mwanawe Kazuya gengeni akiwa mtoto, na mwana anakua na chuki mpaka anapigana na baba yake kwa kuua. Humo humo mna habari za damu ya shetani inayorithiwa. Kijana aliyesoma sura ya Luqman na nasaha za baba kwa mwanawe anajua kwamba huo si mfano wa kufuatwa. Pia baadhi ya wapiganaji wa kike wamevalishwa mavazi ambayo hatutaki yatazamwe sebuleni. Habari njema ni kwamba hadithi ile ni sehemu ya peke yake. Anayetaka kushindana haihitaji, na anaweza kuchagua wapiganaji waliovaa kwa heshima.

Hapa tuongeze jambo ambalo wanafunzi hutuuliza. Ni kweli kwamba mwaka 2012, katika Tekken Tag Tournament 2, Waislamu waligundua kuwa jina la Allah limeandikwa kwenye sakafu ya uwanja mmoja wa kupigania, mahali pa kukanyagwa. Waliwaandikia watengenezaji kwa utulivu, nao wakakiri kwamba hawakujua maana ya maandishi yale, wakayaondoa. Miaka michache baadaye, walipotaka kuingiza mpiganaji Mwarabu katika Tekken 7, walionyesha michoro yake mapema na wakawasikiliza Waarabu wenyewe kuhusu mavazi yake. Ndiye Shaheen wa Saudia, mwenye kilemba cha shumaghi na agali, na jina lake ni la ndege kozi. Tumelitaja hili kwa sababu wako wanaodhani kwamba Mwislamu akiona kosa ana njia mbili tu, kunyamaza au kutukana.

Pesa na sala

Kabla hatujashika pedi, tumalize haya.

La kwanza ni kulipa. Katika vibanda vingi desturi ni kwamba aliyefungwa ndiye anayelipia mechi ya wote wawili. Vijana husema, "Ustadhi, hiyo si kamari, ni kulipa gemu tu." Tazameni vizuri. Wawili wameingia, kila mmoja anajua kwamba ama atacheza bure kwa pesa ya mwenzake, ama atalipa yake na ya mwenzake, na kinachoamua ni mechi. Huko ndiko kuhatarisha mali kwa mali, na Mwenyezi Mungu ametukataza kamari katika sura ya al-Maida, aya ya 90. Dawa yake ni nyepesi: kila mtu alipe nusu yake kabla ya kuanza, awe ameshinda au ameshindwa. Mwenye kibanda hapotezi kitu. Ama zawadi inayotolewa na mtu wa tatu asiyeshindana, wanazuoni wamehitilafiana katika michezo isiyotajwa katika hadithi, na mwenye kufikia huko amuulize mwanachuoni anayemwamini. Mashindano mengi makubwa hukusanya kiingilio cha washiriki na kukigeuza kuwa zawadi, kwa hiyo swali hili lipo hata huko juu kwa mabingwa.

La pili ni wakati. Mechi moja ya Tekken, raundi tatu za kushinda, haimalizi dakika tano. Basi hakuna mwenye udhuru wa kusema aliadhiniwa katikati na asingeweza kukatiza. Amalize raundi, aweke pedi, aende. Aliyeshindwa kufanya hivyo kwa mechi ya dakika tano atafute dawa ya nafsi yake kwanza, gemu imsubiri.

Wako pia wanaosema kupigana kwa namna yoyote hakufai hata kwa mchezo. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mieleka na Rukana akamwangusha, kwa hiyo kushindana nguvu peke yake si haramu. Lakini kumpiga mtu usoni kumekatazwa, na baadhi ya wanazuoni wanachukia hata picha ya jambo hilo. Nyumba iliyofuata kauli hiyo iheshimiwe, na mtoto wake asichekwe na wenzake.

Sasa tushike pedi

Pedi ya PlayStation ina vitufe vinne vya upande wa kulia, na uzuri wa Tekken ni kwamba kila kitufe ni kiungo kimoja cha mwili. Mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu ni mkono wa kulia, eksi ni mguu wa kushoto, duara ni mguu wa kulia. Wachezaji wa dunia nzima huviandika 1, 2, 3 na 4 kwa mpangilio huo huo, hivyo ukikuta mahali pameandikwa "1, 2" ujue ni ngumi ya kushoto ikifuatiwa na ya kulia. Ukijua hayo tu umeshamshinda yule anayebonyeza vyote kwa pamoja.

Chagua mpiganaji mmoja, ukae naye. Tekken 8 ilianza na wapiganaji 32, na Tekken 7 ilimaliza ikiwa na zaidi ya 50, na kila mmoja ana mapigo mengi mno, wengine zaidi ya mia. Hakuna anayeyatumia yote. Mwanafunzi anayeanza apate manane au kumi: ngumi ya haraka, pigo zuri la kati, pigo la chini, pigo la kumrusha adui hewani, mkamato, na machache ya ziada. Paul na Shaheen wanafaa kwa anayeanza kwa sababu mapigo yao yanaeleweka. Eddy tungewaomba mmwache kwanza, kwa sababu tuliyokwisha kuisema.

Kisha, na hapa ndipo somo lenyewe lilipo, jifunze kukinga kabla ya kupiga. Mapigo ya Tekken ni ya aina tatu. Pigo la juu hukingwa ukiwa umesimama, na ukichuchumaa linapita hewani bila kukugusa. Pigo la kati hukingwa ukiwa umesimama tu, ukichuchumaa linakupata. Pigo la chini hukingwa ukiwa umechuchumaa tu, ukisimama linakupata. Kusimama na kukinga ni kubonyeza nyuma, na hata ukiacha pedi bila kugusa kitu, mpiganaji wako hukinga mwenyewe mapigo ya juu na ya kati. Kuchuchumaa na kukinga ni kubonyeza chini na nyuma kwa pamoja.

Tazama basi hasara ya anayebonyeza ovyo. Kila mara kidole chake kinapogusa kitufe, mpiganaji wake anatoka katika kukinga. Gemu ilikuwa tayari kumlinda bure, yeye akaukataa ulinzi. Kwa hiyo zoezi letu la kwanza kwa anayeanza ni hili: cheza raundi nzima bila kupiga hata mara moja. Kinga tu. Utafungwa, lakini utaona mapigo ya mwenzako kwa mara ya kwanza. Wengi hawajawahi kuyaona, ingawa wamecheza miaka.

Swali linalofuata huwa, "Nitajuaje lini nisimame na lini nichuchumae?" Kanuni ya wazoefu ni kwamba simama, ndiyo hali yako ya kawaida, kwa sababu mapigo ya kati ndiyo yanayoumiza zaidi na ndiyo yanayorusha watu hewani. Mapigo mengi ya chini huumiza kidogo, na yale makubwa ya chini huwa ya polepole, unayaona yanakuja. Ukivumilia kupigwa vidogo miguuni ili usirushwe hewani, umefanya hesabu nzuri.

Hesabu ya fremu

Neno hili huwatisha wanafunzi, nalo ni hesabu ya darasa la nne tu. Gemu huonyesha picha 60 kwa kila sekunde, na kila picha huitwa fremu. Ngumi ya haraka ya wapiganaji wengi hufika katika fremu ya 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Jicho na kidole cha mtu wa kawaida huhitaji kama robo ya sekunde kuona jambo na kulijibu, yaani fremu 15 hivi. Maana yake hakuna binadamu anayeiona ngumi hiyo na kuikinga baada ya kuiona. Aliyeikinga alikuwa ameshatulia anakinga. Lakini lile teke kubwa la chini la Bryan, ambalo wengi wenu linawaangusha, linakaribia nusu sekunde. Hilo linaonekana. Anayeangushwa nalo kila siku hajashindwa na kasi, amekosa kutazama.

Faida ya pili ya fremu ni adhabu. Kila pigo likikingwa, mpigaji huchelewa kidogo kurudi katika hali yake. Wapiganaji wengi wana teke la kuruka ambalo humrusha adui hewani. Likikingwa, mpigaji anachelewa kwa kama fremu 13 nyuma yako. Ngumi yako ni ya fremu 10. Toa 10 katika 13, utaona kwamba ngumi yako itafika kabla hajaweza kukinga, na hana la kufanya. Mwanafunzi atakayejua adhabu hii moja ataona ajabu: yule jirani aliyekuwa akimfunga kila siku kwa teke la kuruka hatalirudia tena kwa furaha.

Tekken 8 ina sehemu ya mazoezi inayoonyesha fremu hizi kwenye skrini. Ina pia kumbukumbu ya mechi zako, unaitazama tena, nayo inakuonyesha mahali ulipokosa kuadhibu, na unaweza kuikatiza hapo na kucheza mwenyewe kipande kile. Katika Tekken 7 maonyesho ya fremu yalikuwa ya kununua, lakini sehemu ya mazoezi ipo, na unaweza kumfanya adui arudie pigo moja mara mia mpaka kidole chako kizoee. Dakika ishirini za namna hiyo zina faida kuliko saa tatu za kibandani.

Mkamato nao una mlango wake. Mkamato wa kawaida wa mbele huvunjwa kwa kubonyeza haraka ngumi ya kushoto au ya kulia, na mingi hupita juu yako ukichuchumaa. King, yule mwana mieleka mwenye barakoa ya chui, ana mikamato mingi inayohitaji kitufe maalumu kila mmoja. Anayeanza asihangaike naye sana.

Mchezo huu pia una upana, hauendi mbele na nyuma tu. Ukigusa juu au chini kidogo, mpiganaji anapisha ubavuni, na pigo lililonyooka linapita. Ukigusa nyuma mara mbili anaruka hatua nyuma, adui anapiga hewa, wewe unaingia. Wakorea waliendeleza namna ya kurudi nyuma kwa mfululizo bila kusimama, na mpaka leo inaitwa kwa jina lao. Inachukua wiki kadhaa za mazoezi, na vidole vitauma. Iacheni kwa mwezi wa pili.

Vivyo hivyo msikimbilie mfululizo mrefu wa mapigo ya hewani. Tunaona vijana wanaokariri mapigo kumi na mawili kwa fahari, na mechi nzima hawapati nafasi ya kuyatumia hata mara moja kwa sababu hawajui kukinga. Mfululizo mmoja mfupi unatosha.

Kijana wa Lahore

Wanaodhani mchezo huu una wenyewe, na wenyewe ni Wajapani na Wakorea, wasome habari ya Arslan Siddique wa Lahore, Pakistan, ambaye wachezaji humwita Arslan Ash. Mwezi wa Februari 2019 alikwenda Japani kwa mashindano ya EVO Japan baada ya taabu za viza na safari ndefu ya ndege. Nje ya nchi yake hakuna aliyemtazamia. Akashinda. Na baada ya kushinda akasema kwamba nyumbani Pakistan wako wengine wenye nguvu kama yeye. Watu walidhani anatania. Agosti mwaka huo huo akashinda EVO ya Las Vegas, Marekani, na katika fainali alimfunga Knee wa Korea, ambaye wengi walimhesabu kuwa mchezaji bora wa wakati wote. Akashinda tena zote mbili mwaka 2023, na ya Las Vegas mwaka 2024 kwa Tekken 8. Na lile alilosema likathibitika, kwani mwanzoni mwa 2023 Mpakistani mwingine, Atif Butt, alishinda fainali za dunia za Tekken huko Amsterdam.

Sisi kinachotuvutia hapa ni namna walivyojifunza. Hawakuwa na mashindano makubwa ya kwenda wala intaneti nzuri ya kuchezea na watu wa mbali. Walikaa ukumbi mmoja, bega kwa bega, mwenye kujua pigo akimfundisha asiyejua, na aliyefungwa akiuliza amefungwaje. Vibanda vyetu vina viti na runinga kama hivyo. Kinachokosekana ni yule anayeuliza, kwani kwetu aliyefungwa hutupa pedi na kusema kitufe kimekwama.

Kwa anayeanza, basi, tunapendekeza awe na daftari dogo. Kila akifungwa raundi, aandike pigo gani lilimwangusha. Siku ya saba asome alichoandika, ataona kwamba mapigo yenyewe ni mawili au matatu yale yale. Hayo ndiyo ya kwenda kujifunza kuyakinga katika sehemu ya mazoezi, kabla ya kujifunza pigo jipya lolote la kwake.

Na nyinyi wazazi mnaweza kusaidia bila kujua kushika pedi. Kaeni na mtoto kwa mechi mbili, na kila akianguka mumuulize swali moja: "Lililokuangusha lilikuwa la juu, la kati, au la chini?" Akijibu bila kusita, mtoto huyo anajifunza. Akisema "Sijui, baba, ananichezea rafu tu," mzimieni runinga kwa leo, kwa sababu mechi ya tatu itakuwa kama hizo mbili.